Asilimia 64 kwenye ripoti ya ECHO: moyo wangu ni mzima au umechakaa?

SWALI

Daktari, salaam, na pole kwa majukumu. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Lushoto, mwanaume wa miaka 51, nina urefu wa sentimita 170 na uzito wa kilo 73. Niligundulika kuwa na presha miaka sita iliyopita, nikaandikiwa amlodipini ya miligramu 5, ambayo nimekuwa nikiimeza kwa vipindi: kichwa kikiuma naimeza, nikijisikia vizuri naiweka kando. Tangu mwaka huu uanze, nikipanda kilima kutoka barabarani hadi shuleni inanilazimu kusimama njiani nivute pumzi, jambo ambalo halikuwepo zamani. Nilipokwenda kituo cha afya presha ilikuwa 172 kwa 104, kipimo cha umeme wa moyo kikaonesha dalili za moyo kunenepa upande wa kushoto, nikapewa rufaa kwenda mjini kupimwa ECHO, kile kipimo kinachoonesha picha ya moyo.

Nilipimwa, nikakabidhiwa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kidaktari, na aliyenipima akaniambia tu kwamba moyo unasukuma vizuri, mengine nikaelezwe na daktari wangu, ambaye miadi yake ni mwezi ujao. Karatasi inasema kuta za ventrikali ya kushoto zina unene wa milimita 13, upana wa ndani wa ventrikali hiyo ni milimita 45, uzito wake ni gramu 120 kwa kila mita moja ya mraba ya mwili, atriamu ya kushoto ina ujazo wa mililita 38 kwa mita ya mraba, E/A ni 0.7, na EF ni asilimia 64. Mwisho wameandika kuwa kuna unene wa kuta na hitilafu ya kulegea kwa moyo, daraja la kwanza.

Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam anasema asilimia 64 maana yake theluthi nzima ya moyo imeshakufa, na ananitaka nirudie kipimo kila baada ya miezi mitatu. Mwenzangu wa ofisini, ambaye ana presha ya miaka mingi kuliko yangu na hajawahi kuandikiwa kipimo hiki, anasema moyo mnene ni moyo wenye nguvu kama wa mcheza mpira, na kwa kuwa unasukuma vizuri sina sababu ya kuendelea na dawa. Karatasi ni moja, ila mmoja ananiona maiti na mwingine ananiona mzima. Nimwamini nani? Na je, unene huu unaweza kurudi nyuma, na kurudia kipimo hiki mara kwa mara hakuna madhara ya mionzi?

Mwalimu, Lushoto

JIBU

Mwalimu, wote wawili wamekosea, na kosa lao ni moja: wamechukua namba moja kati ya zote ulizoniandikia na kuhukumu moyo mzima kwa hiyo. Karatasi yako inaeleza jambo lililo wazi, nami nitaifuata karibu yote, kwa sababu wagonjwa wengi wa presha hupewa ripoti kama hii bila mtu wa kuwasomea, kisha wakaachiwa mashemeji.

Nianze na hiyo 64. EF ni sehemu ya damu iliyomo ndani ya ventrikali ya kushoto, yaani chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, inayotolewa nje kwa pigo moja. Tuseme chumba hicho kimejaa mililita 110 za damu, kikajikaza na kutoa mililita 70, zikabaki 40. Hapo EF ni takriban asilimia 64. Hakuna moyo wa binadamu unaojimwaga wote, hata wa kijana wa miaka ishirini anayekimbia mbio ndefu, na kwa mwanaume kiwango cha kawaida ni kati ya asilimia 52 na 72. Hakuna theluthi iliyokufa. Hiyo si alama ya mtihani inayohesabiwa kutoka mia, ingawa naelewa kwa nini watu, na walimu hasa, huisoma hivyo.

Basi aliyekupima hakukudanganya aliposema moyo unasukuma vizuri, lakini sentensi hiyo imeacha nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomhusu mgonjwa wa presha. Presha ya juu haianzi kwa kuuondolea moyo nguvu ya kusukuma. Ventrikali ya kushoto inapolazimika kutoa damu dhidi ya shinikizo kubwa siku baada ya siku, kuta zake hubeba mzigo usio wa kawaida, na moyo hujibu kwa kuongeza unene ili mzigo huo ugawanyike kwenye msuli mwingi zaidi. Kwa miaka kadhaa mbinu hiyo hufanikiwa, na EF hubaki nzuri au hata kupanda kidogo, kwa kuwa chumba chenye kuta nene na nafasi ndogo kinaweza kutoa asilimia kubwa ya damu yake huku kiasi chenyewe kinachotoka kikiwa hakijaongezeka. Kwa hiyo mtu mwenye presha anaweza kufikia hali ya moyo kushindwa kazi, akahema, akavimba miguu, ilhali EF yake imeandikwa asilimia 60. Madaktari wanaitambua hali hiyo kama aina kamili ya moyo kushindwa kazi, na presha ni miongoni mwa visababishi vyake vikuu.

Sasa tazama milimita. Kuta za ventrikali ya kushoto ya mwanaume kwa kawaida huwa na unene wa milimita 6 hadi 10. Zako zina 13. Kutokana na unene huo na upana wa chumba, mashine hukokotoa uzito wa msuli na kuugawa kwa eneo la mwili, ili mtu mrefu mwenye umbo kubwa asilinganishwe na mtu mfupi mwembamba. Kikomo kwa mwanaume ni gramu 115 kwa mita ya mraba, na kwa mwanamke ni 95. Wewe una 120, kwa hiyo umekivuka, ingawa si kwa mbali. Kuna hesabu moja zaidi ambayo ripoti haikuiandika lakini unaweza kuifanya mwenyewe: zidisha unene wa ukuta wa nyuma kwa mbili, ugawanye kwa upana wa chumba. Mara mbili ya 13 ni 26, na 26 kwa 45 ni takriban 0.58, wakati kikomo ni 0.42. Maana yake moyo wako umenenepa kwa kuelekea ndani bila chumba kutanuka, na hilo ndilo umbo ambalo presha isiyodhibitiwa hulijenga mara nyingi.

Hapa ndipo hoja ya mwenzako kuhusu mcheza mpira inapoanguka. Ni kweli kwamba mazoezi makali ya muda mrefu huweza kunenepesha moyo, lakini moyo wa mwanamichezo kwa kawaida hutanua na chumba chake pia, hulegea haraka na kujaa kwa wepesi, na mazoezi yakisimama hupungua. Moyo wa presha hunenepa pamoja na nyuzi za kovu zinazojipenyeza katikati ya msuli, na nyuzi hizo huufanya ukuta kuwa mgumu. Tofauti hii haihitaji kukisiwa, kwa kuwa ECHO yako imeipima. Ile E/A ya 0.7 inalinganisha mawimbi mawili ya damu inayoingia kwenye ventrikali: E ni damu inayoingia yenyewe ventrikali inapolegea, na A ni ile inayomaliziwa na atriamu, chumba kilicho juu ya ventrikali, kwa kujikaza. Kwako A imeizidi E, yaani ventrikali hailegei upesi na atriamu inalazimika kufanya kazi ya ziada kuijaza. Ningekuwa mkweli nusu nisipoongeza kuwa umri peke yake hushusha E/A, na kwamba mtu wa miaka 70 mwenye 0.7 na mengine yote mazuri asingenishughulisha sana. Lakini wewe una miaka 51, kuta zako ni nene, na atriamu yako ya kushoto ina mililita 38 wakati kikomo ni 34. Atriamu haitanuki kwa wiki moja. Inatunza kumbukumbu ya shinikizo la muda mrefu, kwa hiyo kwa mtu mwenye presha mimi huitazama kabla sijatazama EF.

Nimekaa sana kwenye kulegea kwa moyo kwa sababu ndiko kunakoweza kuelezea kile kilima cha shuleni. Ukiwa umekaa, ventrikali ngumu bado ina muda wa kutosha kujaa kati ya pigo na pigo. Ukipanda mlima mapigo huongezeka, muda wa kujaa hupungua, shinikizo hurudi nyuma kuelekea mapafuni, nawe unasimama kuvuta pumzi. Nasema kunaweza kuelezea, si lazima iwe hivyo. Kwako ni daraja la kwanza, lililo jepesi kuliko yote, na ECHO imepigwa ukiwa umelala. Kuhema kwako kunaweza pia kuchangiwa na upungufu wa damu, ugonjwa wa mapafu, au mishipa inayolisha moyo. Hiyo mishipa ECHO ya kawaida haiioni ipasavyo, kwa hiyo ikiwa kilima hukuletea pia maumivu au kubanwa kifua, mwambie daktari wako hata kama ripoti haikutaja chochote. Muulize vilevile kuhusu kipimo cha wingi wa damu na kile cha figo, ambavyo ni rahisi na mara nyingi husahaulika mtu akishapata karatasi ya ECHO mkononi.

Kuhusu kuacha dawa, jibu ni hapana, tena wewe ni mmoja wa wale ambao kuacha kunawagharimu zaidi. Katika utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, uliofuatilia wagonjwa 427 wenye moyo kushindwa kazi, presha ndiyo iliyokuwa chanzo kikubwa kuliko vyote, kwa takriban asilimia 45 ya wagonjwa, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55 tu. Huo ni umri usio mbali na wako. Dawa ya presha inayomezwa siku ya maumivu ya kichwa haifanyi kazi inayotarajiwa, kwa sababu kichwa si kipimo cha presha, na ukuta wa moyo hunenepa hata siku ambazo unajisikia mzima kabisa.

Na unene huo unaweza kurudi nyuma. Utafiti uitwao LIFE, uliochapishwa mwaka 2002, ulihusisha watu 9,193 wenye presha na dalili za moyo kunenepa kwenye kipimo cha umeme, na sehemu yao wakafuatiliwa kwa ECHO. Wale ambao uzito wa ventrikali ulipungua wakiwa kwenye matibabu walipata kiharusi, mshituko wa moyo na vifo vya moyo kwa kiwango kidogo kuliko wale ambao haukupungua. Utafiti huo ulilinganisha dawa mbili za presha, losatani na atenololi, na losatani ikaonekana bora kwa jumla, lakini faida hiyo haikuonekana kwa washiriki weusi, kwa hiyo usikimbilie duka la dawa kuomba losatani kwa sababu umeisoma hapa. Kwa Waafrika tunao utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanyika katika nchi sita zikiwemo Kenya na Uganda, ambao ulionesha kuwa amlodipini ikiunganishwa na dawa ya kupunguza maji mwilini, au na perindopili, dawa nyingine ya presha, hushusha presha vizuri kuliko hizo mbili zikiunganishwa bila amlodipini. Kwa presha ya 172 kwa 104 pamoja na moyo ulionenepa, sitashangaa daktari wako akikuongezea dawa ya pili. Usiichukulie kama ishara kwamba umezidiwa. Lengo liwe chini ya 140 kwa 90 kwanza, kisha, ukivumilia bila kizunguzungu, karibu na 130 kwa 80. Chumvi nayo isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate, maharage ya kopo na viungo vya pakiti. Kuta hazitapungua kwa mwezi mmoja. Hesabu miezi mingi, kwa kawaida mwaka au zaidi, tena kwa dawa isiyokatizwa.

Mwenzako aliyekaa miaka yote bila kuandikiwa ECHO huenda hakutendewa vibaya. Miongozo ya kimataifa, ukiwemo ule wa Jumuiya ya Kimataifa ya Shinikizo la Juu la Damu wa mwaka 2020, inamtaka kila mwenye presha apimwe umeme wa moyo pale inapowezekana, na ECHO ifuate pale penye sababu: kipimo cha umeme kikiwa na kasoro, mtu akiwa na dalili kama kuhema, kuvimba miguu au mapigo yasiyo na mpangilio, au daktari akisikia mlio usio wa kawaida kwenye moyo. Wewe ulikuwa na sababu mbili. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linasisitiza kwamba kukosekana kwa vipimo kusicheleweshe kuanza dawa, na hilo ni muhimu katika wilaya ambazo mashine iko safari ya nusu siku. Ila mwenzako ajue kwamba kipimo cha umeme huwakosa wengi ambao moyo wao umeshanenepa. Kuwa na kipimo cha umeme wa moyo (ECG) kilicho safi hakumpi cheti. Akianza kuhema, naye apimwe.

Shauri la kurudia kila miezi mitatu silikubali, na sababu si mionzi, kwa kuwa haimo. ECHO hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio haliwezi kuyasikia, yakipiga kuta za moyo na kurudi. Inge Edler na Hellmuth Hertz walipoyatumia kwa moyo mara ya kwanza mwaka 1953 huko Lund, Sweden, walitumia mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya kutafuta nyufa ndani ya vyuma. Yale mafuta ya baridi wanayokupaka kifuani huondoa hewa kati ya kifaa na ngozi, basi.

Sababu yangu ni hesabu. Kwa kuwa uzito wa ventrikali hukokotolewa kwa vipimo vilivyopandishwa kipeo cha tatu, kosa dogo huwa kubwa. Chukua namba zako zilezile, ubadilishe unene wa kuta kutoka milimita 13 kuwa 12, na gramu 120 zinakuwa takriban 107, ambazo ni chini ya kikomo. Milimita moja, ambayo inaweza kutokana na kifaa kushikwa kwa pembe tofauti kidogo au mpimaji kuweka alama upande wa pili wa mstari, imekuondoa kwenye ugonjwa na kukuweka kwenye uzima. Ukipima kila miezi mitatu, kwa mashine tofauti na wapimaji tofauti, utaona moyo unapanda na kushuka kwenye karatasi wakati kifuani hakuna kilichobadilika. Utafurahi bure mwezi wa tatu na kuogopa bure mwezi wa sita.

Fedha ya ECHO hizo za ziada, pamoja na nauli za milimani, ingetosha kununulia mashine ya kupimia presha ya mkononi, ile yenye mkanda wa juu ya kiwiko na si ya kifundo cha mkono. Kaa dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea na mkono uko usawa wa moyo, pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa wiki moja kabla ya miadi, uandike kila namba, hata zile zisizokupendeza. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi unahesabika kuwa ni presha ya juu. Ukiwa na kidole kwenye kifundo cha mkono, sikiliza pia mpangilio wa mapigo, kwa sababu atriamu iliyotanuka ndiyo ambamo mapigo ya hovyo huanzia, na mapigo hayo huweza kugandisha damu na kuleta kiharusi. Ukiyahisi yakiruka bila utaratibu, usisubiri miadi. Usisubiri vilevile ukiamka usiku ukikosa pumzi, ukishindwa kulala bila kuinua mito, miguu ikivimba, au kifua kikibana.

Ikiwa mambo hayo hayatokei, ECHO ya pili inaweza kungoja mwaka mmoja hadi miwili presha ikiwa imeshuka, au mapema zaidi endapo dalili zitabadilika au daktari atakuwa na swali mahsusi ambalo jibu lake litabadilisha dawa zako. Omba ifanyike hospitali ileile ikiwezekana, presha yako ya siku hiyo iandikwe juu ya ripoti, na uende na karatasi hii ya sasa ili mpimaji awe na cha kulinganishia.